Paka Wangu na Msiba wa Pangani

Maisha yangu yote nimekuwa mkali kwa waongo. Kwa miaka mingi nilikuwa matroni wa bweni la wasichana Dar es Salaam, na kazi ile ilinifundisha misiba. Msichana akitaka kutoka shuleni siku ya Ijumaa, alikuwa anamuua bibi yake. Anakuja ofisini kwangu kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, sauti imemkauka, ananiambia bibi amefariki. Nami namuuliza taratibu: bibi wa upande gani, alikuwa anaumwa nini, anazikwa wapi, nani kakuletea habari. Tukifika swali la tatu, bibi anaanza kupata nafuu. Kuna mmoja aliyemzika bibi yule yule kila muhula, na nilimjua siku bibi alipokuja mwenyewe getini kumletea mjukuu wake sabuni.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba sikuwa mtoto, na kwamba nilijua vizuri sana nilichokuwa nakifanya.

Nilipostaafu nilirudi Bagamoyo, Mji Mkongwe, kwenye nyumba waliyoniachia wazazi wangu. Nilirudi na kabati, cherehani na paka. Paka huyo nilimuokota jikoni mwa shule angali mdogo wa kutosha kwenye kikombe, na wakati ninaouzungumzia, ambao ni mwaka jana tu, alikuwa mzee kuliko paka yeyote ninayemjua. Meno yalikuwa yamekwisha. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Samaki wake lazima achambuliwe, atolewe miiba yote, apondwe kwa maji ya moto kidogo, kisha awekwe kwenye sahani bapa, maana kwenye bakuli anagonga pua akasusa. Majirani walipoliona jambo hili mara ya kwanza walikuja kutazama. Kwetu paka anapendwa, hapigwi, hata msikitini anaingia na kulala, lakini hakuna anayempikia. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama huko Dar nilijaaliwa watoto. Nilimwambia sikujaaliwa, naye akatikisa kichwa akaondoka ameridhika.

Basi wenzangu wawili, matroni wastaafu kama mimi, wakanipigia simu. Walikuwa wamepata nyumba ya kupanga Saadani, pale kijijini, kwa wiki moja. Tungekula kamba, tungelala mchana, tungepelekwa hifadhini kuwaona twiga. Nilikubali hawajamaliza hata kueleza. Sijawahi kwenda popote bila kuitwa na ndugu au kutumwa na ofisi, na wazo la kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayenihitaji lilinifurahisha mpaka nikaimba peke yangu nikiosha vyombo.

Furaha ile haikufika jioni. Nilipoanza kufikiria nitamuaga vipi nani, nikaona sina maneno. Mtaani kwetu mtu anasafiri kwa sababu. Anakwenda harusini, anakwenda msibani, anapeleka mgonjwa Dar, anakwenda Hija Mungu akimjaalia. Mwanamke mtu mzima hafungi nyumba yake akaenda kulala pwani nyingine wakati pwani anayo mlangoni. Vijana wanafanya hivyo na wanapiga picha; mimi ni mtu ambaye watu wazima wenzangu wananishikia kiti kwenye shughuli. Nikaamua kwanza nitafute wa kumuachia paka, maneno nitayapata baadaye.

Nilianza na mpwa wangu wa Kiwangwa, analima mananasi. Alifurahi kweli kweli. Alisema nimlete hata leo, panya wamemzidi stoo. Nilimweleza kwamba huyu ni paka asiye na meno wala macho, panya wakimwona watamtania. Akaniuliza kama sina paka mwingine.

Nikaona kwenye simu tangazo la kijana wa Dar anayelea wanyama wa watu wakiwa safarini. Nilimpigia. Alikuwa na adabu, lakini aliniuliza maswali ambayo mimi sijaulizwa hata nilipolazwa hospitali: paka ana cheti cha chanjo, anapenda kulala saa ngapi, ana jambo gani linalomtia wasiwasi. Nikamwambia mimi ndiye niliye na wasiwasi. Alinitumia picha za vizimba vyake. Vilikuwa visafi, ila kizimba cha paka kilipakana na cha mbwa mmoja mkubwa kama ndama, ameangalia pembeni na ulimi nje. Nilifuta namba yake.

Mwenzangu mmoja tunayesoma naye darsa akaniambia nisijihangaishe, nimuache tu, Mungu ndiye anayewalisha viumbe vyake. Nilimjibu kwamba najua, ila huyu amezoea alishwe kupitia mimi. Hakulipenda jibu hilo, na kusema kweli halikuwa jibu zuri.

Muda wote huo nilijua ni nani ninayemtaka. Nilikuwa namzunguka tu.

Mbele ya mlango wangu, ng'ambo ya kichochoro, alikuwa anakaa jirani yangu na mama yake. Yeye alikuwa na umri wa kutosha kuwa mdogo wangu. Mama yake alipata kiharusi, na ulikuwa ni mwaka wa tatu yuko kitandani. Jirani alimgeuza, alimuosha, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na kabla ya alfajiri alikuwa ameshakaanga maandazi ya kuuza. Ndugu zake walikuwa wanampigia simu kumpa moyo. Mwaka uliotangulia nilipata homa nikalala siku kadhaa, naye ndiye aliyeniletea uji. Nilipopata nguvu ya kuuliza habari za paka, nilimkuta amelala ameshiba, na kando yake ipo sahani bapa na kirundo kidogo cha miiba. Sikuwa nimemwambia chochote. Alikuwa ameniona tu ninavyofanya.

Mtu wa namna hiyo akikwambia atafanya jambo, unaondoka bila kugeuka nyuma. Na ndiyo maana nilishindwa kumwomba. Ningemwambia nini mwanamke ambaye katika miaka mitatu hajafika mbali kuliko sokoni? Nishikie paka, mchambulie samaki, ili mimi nikalale kivulini nikila kamba?

Nilikwenda kwake mchana mmoja nimeshajiandaa. Sentensi yangu ilikuwa fupi na ya kweli: nakwenda Saadani kupumzika na wenzangu, naomba unitunzie paka. Niliirudia kichochoroni. Nilipoingia nilimkuta anabadilisha mashuka ya mama yake. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, mtoto wake amemshikilia kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anavuta shuka, mikono ya gauni imelowa mpaka kwenye viwiko. Nilimsaidia kumshika bibi. Alikuwa mwepesi mno. Sentensi yangu ikaniganda mdomoni.

"Jirani," nikasema, "nimepata safari ya ghafla."

Akaacha kila kitu akanitazama usoni. Sijui aliona nini. Ilikuwa ni aibu tu, lakini nadhani aibu na majonzi kwenye sura yangu vinafanana.

"Ni msiba?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikasema ndiyo.

Kama ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini aliniuliza nani, nikasema binamu yangu, yuko Pangani. Akauliza alikuwa anaumwa. Nikasema kisukari, muda mrefu. Ameacha mke? Ameacha mke na watoto wanne. Yalikuwa ni yale yale maswali yangu ya bwenini, ila mimi niliyauliza ili nimnase mtu, na yeye aliyauliza kwa sababu alinionea huruma. Wale wasichana walikuwa wanababaika. Mimi sikubabaika hata kidogo. Nilimuoza binamu yangu, nikampa watoto, nikamuua, yote hayo nimeshika kona ya shuka.

Hakungoja nimuombe. Alisema nimletee paka jioni na nisiwaze kitu. Nilimletea, pamoja na sahani yake, na yeye akanipa maandazi ya njiani, amenifungia kwenye karatasi. Alisema mtu mwenye msiba husahau kula.

Maandazi yale niliyafikisha Saadani. Wenzangu waliyala, mimi nikasema nimeshiba.

Nisiseme kwamba sikufurahi, huo nao utakuwa uongo. Nyumba ilikuwa ya kawaida, sakafu ya saruji na vyandarua, na asubuhi wake za wavuvi walikuwa wanaanika dagaa mbele yetu huku wakitusemesha. Nililala mchana. Niliota jua kama nguo. Tulicheza karata, tulikumbushana wasichana wetu na vituko vyao, na mwenzangu mmoja akaanza hadithi ya yule wa kumzika bibi, tukacheka mpaka yeye akapaliwa. Nilicheka na mimi. Baada ya hapo niliweka karata zangu chini, wakaniuliza kama tumbo linaniuma.

Simu ilikuwa haishiki mle ndani, mpaka utoke usimame karibu na kisima. Siku moja nilisimama hapo ili nijue hali ya paka, na kabla sijapiga, ya jirani yangu ikaingia. Alianza kwa kuuliza kama tumeshamsitiri marehemu. Nikasema tumeshamsitiri. Akaniambia paka anakula, na kwamba mama yake amempenda, analala naye miguuni, akiondolewa bibi anagutuka. Nilishukuru sana. Ndipo akaniambia kwamba majirani wamekaa wakakubaliana: mimi ni mtu peke yangu, haifai nibebe msiba bila watu wangu. Wanawake wa mtaani watakodi gari waje Pangani kunipa mkono. Watapita Makurunge, na barabara sasa imekuwa nzuri, saa chache tu.

Barabara ya Pangani inapita karibu na pale nilipokuwa nimesimama. Nilitazama miguu yangu, ilikuwa na mchanga mpaka kwenye vifundo. Nikamwambia wasije. Nikasema mvua imeharibu njia, nikasema nyumba ya msiba ni ndogo, nikasema familia imeomba watu wasisumbuke. Alinielewa; siku zote alikuwa ananielewa. Akasema basi nikirudi watanisomea khitma pale pale mtaani, na akaniomba jina la marehemu, wamtie kwenye dua.

Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikataja jina la babu yangu mzaa mama, aliyefariki nikiwa mdogo.

Nilirudi ndani najiambia kwamba angalau dua itamfikia mtu. Babu alikuwa mcha Mungu, hajasomewa khitma siku nyingi, pengine ni heri kwake. Nilijipa moyo kwa hesabu hiyo jioni nzima, na mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoona nimefanya jambo la maana, nafunika uso hata nikiwa peke yangu jikoni.

Siku ya kurudi nilishuka kwenye bajaji mwanzo wa kichochoro chetu, nikaona turubali. Lilikuwa limefungwa kutoka ukuta wa nyumba yangu mpaka ukuta wa jirani, chini yake wamekaa wanaume kwenye mabenchi. Nilitegemea khitma ya wanawake wachache na chai, sikutegemea turubali. Nilikasirika hata, Mungu anisamehe; nilisema moyoni hawa nao wamezidisha, binamu tu huyo, tena wa Pangani. Wanaume waliinuka kunipa pole. Niliitikia nimeinamisha kichwa. Nilivuta mtandio mpaka kwenye nyusi.

Niliingizwa nyumbani kwa jirani, wanawake wamejaa kwenye mikeka. Wakanipisha njia. Jirani yangu alikuwa amekaa mwisho, ameegemea ukuta, na aliponiona alijaribu kusimama akashindwa, nikapiga magoti, tukakumbatiana. Akalia. Alilia mwili mzima unatikisika. Nami nikawaza, Subhanallah, mwanamke huyu ana moyo gani, anamlilia mtu asiyemjua namna hii. Nikalia na mimi, na machozi yale sijui yalikuwa ya nini. Nilimpigapiga mgongoni. Nikamwambia anyamaze, ndiyo amri ya Mungu. Nikamwambia ameshapumzika, aliumwa sana, tulimuuguza mpaka tukachoka. Niliyasema hayo yote nikimaanisha binamu yangu, na wanawake waliokuwa karibu wakawa wanaitikia, kweli, kweli, ameshapumzika.

Kisha nikainua macho nikaona kitanda. Kilikuwa mbao tupu. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani.

Nilibaki nimemshika, mkono wangu uko mgongoni kwake, na sikuweza kuutoa wala kuuendeleza. Mama yake alikuwa amefariki juzi yake. Alizikwa jana yake, mtaa mzima upo, isipokuwa mimi niliyekuwa nacheza karata. Kwa taratibu zetu mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kupita mlango ule, nichemshe maji, nishike shuka la kumsitiria wakati anaoshwa, nimlishe mtoto wake kitu kwa lazima. Hakuna mtu aliyekaa karibu nao kuliko mimi.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia. Alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Ulikuwa na lako, dada," akasema. "Ningekuongezea vipi?"

Walituketisha pamoja, mkeka mmoja, wafiwa wawili. Watu walioingia walimpa mkono yeye kisha wakanipa mimi. Mama aliyewahi kuniuliza kama nina watoto alinikalia karibu, akanishikilia glasi ya chai mpaka nikaimaliza. Ilipofika dua, mwalimu wa darsa akasoma majina mawili, la mama wa jirani na la babu yangu, na wanawake wote wakaitikia amin kwa nguvu ile ile. Nilitaka nisimame nitoke. Sikusimama. Paka alikuja akapita katikati ya watu akalala kwenye mapaja ya jirani yangu, amenenepa, manyoya yanang'aa. Alikuwa amemlisha hata siku ya mazishi. Nilisikia baadaye kwamba wakati watu wanarudi kutoka makaburini walimkuta amechuchumaa uani anachambua samaki, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Ningeweza kumwambia wiki ile. Nilijiambia siwezi kumsumbua akiwa matangani. Yalipokwisha matanga nikajiambia tungoje arubaini. Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, ambalo lilinifunga mdomo: msiba wangu ulikuwa unamsaidia. Kila jioni alikuwa anakuja kwangu, au mimi nakwenda kwake, na alikuwa anazungumza nami kama mtu anayezungumza na mwenzake. Aliniuliza kama na mimi asubuhi naamka nikiwa nimesahau, kisha nakumbuka. Nilisema ndiyo. Aliniuliza kama na mimi nasikia vibaya watu wakicheka. Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijui kama nanyamaza kwa kumhurumia au kwa kujiogopea, na sasa nikitazama nyuma naona nilijua.

Arubaini ya mama yake ilipopita, alikuja na mfuko. Ulikuwa na doti ya kanga, sukari na unga wa ngano. Alisema ni vya mjane wa Pangani, ambaye bado yuko eda, na sisi tumemsahau kana kwamba si mtu. Alitaka twende wote. Alisema sasa hana wa kumfunga nyumbani, na safari yake ya kwanza tangu mama yake augue anataka iwe ya kheri. Alikuwa ameshazungumza na dereva. Nilisema goti linaniuma. Akasema tutangoja. Akangoja, akaja tena kuuliza habari za goti, ameniletea mafuta ya kuchua. Nilisema mjane amehamia kwa ndugu zake, akauliza wapi, tutamfuata huko huko.

Alasiri moja nilikwenda kwake. Paka alikuwa ametangulia. Tangu nirudi alikuwa anashinda kule na kurudi kwangu kulala. Jirani alikuwa amekaa uani na sahani bapa miguuni, anamchambulia samaki, na ule mfuko ulikuwa umening'inizwa kwenye msumari nyuma yake, umeongezewa kitu, umefura. Alifurahi kuniona. Alisema dereva amekubali kesho kutwa.

Nikamwambia. Sikuipamba. Nikasema hakuna mjane. Hakuna binamu, hakuna aliyekufa. Nilikuwa Saadani na wenzangu, tunapumzika, na niliona haya kukuambia. Nikasema jina lile lilikuwa la babu yangu.

Hakuacha kuchambua. Vidole vyake viliendelea, mwiba, mwiba, akaiweka kando. Nilidhani hajanisikia, nikawa nataka kurudia, Mungu akaniepusha. Nilikuwa nimejiandaa atukane, au alie, au aniambie nitoke. Nilikuwa nimejiandaa hata acheke, kwa sababu sehemu nyingine za jambo lile zinachekesha, na kuna siku ningetamani tucheke wote.

"Mama alimuombea," akasema.

Nikamuuliza nani.

"Huyo binamu yako. Asubuhi ya siku aliyofariki ulimi wake ulifunguka kidogo. Nilikuwa nimemwambia habari zako. Akaniambia nimuinue, nimkalishe vizuri. Akamuombea dua, ndefu, akakuombea na wewe subira. Mimi nikawa nangoja amalize, nilidhani na mimi atanisemesha." Akapangusa vidole. "Alipomaliza alichoka. Hakusema tena."

Nilimtazama paka anakula.

"Nimekuwa nikiwaambia ndugu zangu," akasema, "kwamba mama ameondoka akimuombea mfiwa. Nimewaambia wote. Sasa hilo nitaliweka wapi?"

Aliniuliza kama mtu anayeuliza kweli, akaningojea nijibu. Nikasema sijui. Nikasema nisamehe, na neno lenyewe lilikuwa dogo mpaka nikaona afadhali nisingelisema. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliinuka, akautoa ule mfuko msumarini, akaingia nao ndani. Alipofika mlangoni akaniambia, bila kugeuka, nimuache paka amalize kula, akimaliza nimchukue, na sahani.

Sikuweza kuendelea kukaa mle uani peke yangu, nikatoka nikakaa barazani kwake kumngojea paka. Ulikuwa ni wakati wa watu kwenda msikitini kwa swala ya alasiri. Wazee wawili wa mtaani walipita, wakaniona nimekaa pale kichwa chini, wakasimama. Wakanipa pole. Nikainuka, nikawaitikia kwamba nimeshapoa.